Sura ya Tano: Anayekaa Nyuma

Ingia duka lolote la pikipiki pale Kariakoo ukiwa na mwenzako, uone muuzaji anavyogawa maswali. Wewe utaulizwa unataka CC ngapi, rangi gani, na kama utalipa taslimu au kidogo kidogo. Mwenzako ataulizwa kama atakunywa soda. Ikifika zamu ya kujaribu utapanda peke yako, utazunguka mtaa mmoja, utarudi unatabasamu, na biashara itaishia hapo. Yule atakayekaa nyuma kila alfajiri kutoka Mbagala hadi Posta hajaulizwa neno.

Haupiti mwezi kabla malalamiko hayajaanza: kiuno, magoti, nyayo zinazokufa ganzi. Wewe unashangaa, maana ukiwa mbele huoni ubaya wowote. Wote wawili mnasema kweli. Mnapanda chombo kimoja lakini hamsafiri safari moja.

Sababu iko kwenye umbo lenyewe la pikipiki. Dereva hukaa karibu na katikati ya magurudumu mawili. Tuta likilinyanyua gurudumu la nyuma, pale katikati hupanda kama nusu tu ya mnyanyuko huo. Abiria yuko juu ya ekseli ya nyuma, na kwenye pikipiki nyingi za kwetu amesogea hata nyuma yake kidogo, kwa hiyo chochote ambacho springi hazikukimeza kinamfikia kizima. Tena dereva ana usukani wa kuegemeza mikono, analiona shimo kabla ya kulifikia, anajinyanyua kidogo likipita. Abiria anaona kisogo cha helmeti. Tuta analijua likishampiga.

Kwa hiyo kazi ambayo dereva anajifanyia kwa macho na mikono, abiria lazima afanyiwe na pikipiki yenyewe. Ndiyo maana naona pikipiki ya kupakizana ichaguliwe na anayekaa nyuma, na huyu wa mbele awe na haki ya kupinga tu. Wanaume wengi huniambia hiyo ni kudekezana. Hapana. Pikipiki ya kawaida ya CC 125 au 150 ina uzito wa kilo 110 hadi 130 hivi. Abiria wa kilo 65 ni kama nusu ya chombo kizima. Akijigeuza ghafla kwenye kona kwa sababu paja limekufa ganzi, usukani utasikia. Aliyekaa vizuri hutulia, na aliyetulia hupindika pamoja na pikipiki bila kufundishwa.

Honda wenyewe walilifikia jambo hili polepole. Gold Wing ya kwanza, GL1000, ilipooneshwa mjini Cologne, Ujerumani, mwaka 1974, ilikuwa na injini kubwa ya silinda nne na siti ya kawaida tu. Wanunuzi wa Marekani walitaka kuvuka majimbo na wake zao, wakaanza kununua kwingine vioo vya kuzuia upepo, masanduku ya mizigo na maegemeo ya mgongo, wakavifunga wenyewe. Kampuni ikawafuata. Mwaka 1980 ilitoa Interstate, yenye kinga ya upepo na masanduku kutoka kiwandani, na kufikia 1988 ilikuwa na GL1500 ya silinda sita yenye gia ya kurudi nyuma. Leo Gold Wing ya safari ndefu ina uzito wa zaidi ya kilo 350, na sikushauri uipitishe vichochoro vya Manzese. Lakini ukitazama kilichokuwa kikiongezwa miaka yote hiyo, kingi kilikuwa cha mtu wa nyuma: siti pana, miguu isiyokunjwa sana, pa kuegemea, injini isiyotetema. Mambo hayohayo yanatafutika kwenye pikipiki ya CC 150, kwa kiasi chake.

Tuanze na siti, kwa kuwa hapo ndipo wengi wanapodanganywa. Siti laini dukani si siti nzuri barabarani. Ukiibonyeza kwa kidole gumba ikazama haraka, ujue sponji ni nyepesi, kama ile ya magodoro ya bei rahisi, na dakika kumi baada ya kuondoka abiria atakuwa amekalia bati. Sponji nzuri hukataa kidogo mwanzoni, halafu inakupokea. Mwambie mwenzako akae juu yake kwa muda wa kumaliza ile soda aliyopewa, si kugusa na kuinuka. Muuzaji atasema, "Usijali shemeji, siti italegea." Siti haitakiwi kulegea.

Urefu wa siti una maana kuliko ulaini wake. Kwa kipimo cha mkono, watu wazima wawili wanahitaji kama shibiri tatu za siti inayokalika, kila mmoja shibiri moja na nusu, na mwenye umbo kubwa azidi hapo. Pungufu ya hapo abiria atasukumwa juu ya keria, ile ya chuma iliyofungwa nyuma, na safari nzima atakalia nusu sponji nusu bomba. Siti fupi ina adha nyingine ambayo watu huizoea bila kujua chanzo chake: kila breki ikishikwa, helmeti ya nyuma inagonga ya mbele. Wengine huishia kuivua helmeti ya nyuma ili ngo-ngo hizo ziishe. Ni ufumbuzi mbaya kuliko yote. Uchambuzi mkubwa wa tafiti uliofanywa na mtandao wa Cochrane ulionesha kwamba helmeti hupunguza hatari ya kifo kwa asilimia kama 42 na ya majeraha ya kichwa kwa asilimia kama 69. Nunua siti ndefu, vichwa viachane.

Kuna siti za ngazi, ambamo sehemu ya abiria imeinuliwa juu ya ile ya dereva. Zinapendeza kwa macho, hasa kwenye pikipiki zilizoigiza zile za mashindano. Abiria wake hukaa kama aliyepanda juu ya kabati: upepo wote ni wake, magoti yako karibu na mbavu, na breki ikishikwa anamteremkia dereva mgongoni. Kwa safari za watu wawili, siti iliyonyooka au iliyopanda kidogo sana ndiyo inayofaa. Pikipiki za Kichina zilizofuata nyayo za Honda CG125 zina sifa hii bila kujivunia. CG125 yenyewe ilitoka katikati ya miaka ya 1970 kwa ajili ya nchi ambazo pikipiki hutumika sana na kuhudumiwa kidogo, ikiwa na injini ya fimbo za kusukuma vali inayovumilia kusahauliwa. Husifiwa kwa uvumilivu huo, lakini mimi huisifia na siti yake, ndefu na sawa kama benchi.

Sasa miguu. Hapa ningependa msomaji asimame kidogo, maana ni jambo ambalo sijasikia muuzaji hata mmoja akilitaja. Vikanyagio vya abiria hufungwa mahali pawili tofauti. Kwenye baadhi ya pikipiki vimefungwa kwenye chesisi, yaani kwenye mwili wa pikipiki ambao tayari umekingwa na springi. Kwenye nyingine, hasa ndogo za zamani na nakala zake, vimefungwa kwenye ule mkono wa chuma unaoshika gurudumu la nyuma. Mkono huo hupanda na kushuka na kila shimo, na miguu ya abiria hupanda na kushuka nao. Siti imetulia, nyayo zinacheza. Kwenye lami huwezi kujua. Kwenye barabara ya vumbi yenye makunyanzi, magoti ya abiria hufanya kazi ya shokapu safari nzima, na jioni atakuambia miguu inauma bila kuweza kueleza kwa nini.

Kuipima ni kazi ya nusu dakika. Simama pembeni, mtu mwingine akandamize siti kwa nguvu mara mbili tatu, wewe tazama kikanyagio cha nyuma. Kikishuka pamoja na siti, kiko kwenye chesisi, vizuri. Kikibaki palepale huku siti inashuka, kimefungwa kwenye mkono wa gurudumu; fikiria tena, hasa kama njia yenu haina lami.

Baada ya hapo angalia pembe ya goti. Abiria akiwa ameketi na miguu iko kwenye vikanyagio, paja literemke kidogo kuelekea gotini, au angalau lilale sawa na ardhi. Goti likiwa juu ya nyonga, uzito wote unahamia kwenye makalio na mgongo unapinda. Mrefu na mfupi hawapimwi kwa kipimo kimoja, ndiyo sababu nasema aende mwenyewe dukani. Na kama mnatarajia kumbeba mtoto siku za shule, kanuni ni hiyohiyo: miguu yake ifike kwenye vikanyagio na mikono yake iweze kushika. Asiyefika bado hajawa abiria wa pikipiki, na kumkalisha juu ya tangi mbele ya dereva si jibu. India, ambako familia nzima hutegemea pikipiki moja, ilitunga kanuni mwaka 2022 kwamba mtoto wa chini ya miaka minne afungwe mkanda maalumu unaomuunganisha na dereva, avae helmeti, na mwendo usizidi kilomita 40 kwa saa.

India inanileta kwenye suala la kukaa upande. Ukanda wetu wote, kuanzia Lamu hadi Kigoma, kina mama wengi waliovaa gauni, dera au khanga hukaa upande, miguu yote kushoto. Sheria ya usalama barabarani ya Kenya inataka abiria akae ametanua miguu, juu ya siti iliyofungwa imara nyuma ya dereva, tena awe mmoja tu. Hiyo ya mmoja sina haja ya kuieleza kwa mtu aliyewahi kuona mishkaki ya watu wanne ikipita mbele ya kituo cha polisi. Kwa upande wa usalama sheria iko sahihi: anayekaa upande ana mkono mmoja wa kushikia, uzito wake wote umeegemea kushoto, na breki ya ghafla humzungusha badala ya kumsukuma mbele. Mwenye uwezo wa kukaa kwa kutanua miguu na akae hivyo, hata kama ni kwa kuvaa suruali ndani ya dera.

Lakini kitabu hiki kinaandikwa kwa watu waliopo, na waliopo wanakaa upande. Kwa hao, pikipiki zenye asili ya India zina historia ya kuwafikiria. Wanawake wa kule nao hukaa upande kwa sababu ya sari, na kanuni za magari za India za mwaka 1989 zinalazimisha kila pikipiki iwe na kishikio cha kudumu cha abiria, vikanyagio, na kinga inayofunika angalau nusu ya gurudumu la nyuma ili nguo isinaswe. Wengine huongeza kibao cha kukanyagia ubavuni kushoto, cha kutosha miguu miwili. Ukinunua Boxer au TVS, uliza kama vifaa hivyo vipo na kama vinapatikana kwa ile uliyoichagua. Huku kwetu mara nyingi kinga hufunguliwa siku ya kwanza kwa madai kwamba inaharibu sura. Mtandio mmoja uliomezwa na cheni unatosha kumvuta mtu shingo. Irudishe kinga, na uwe na kifuniko cha cheni kizima, si kile cha nusu.

Kuhusu eksozi nitapita haraka. Kwenye pikipiki nyingi iko kulia, stendi iko kushoto, na nchi zetu hizi tatu za zamani za Jumuiya zinaendesha kushoto. Vyote vitatu vinasema abiria apande na kushuka kushoto. Hakikisha tu kwamba kikanyagio cha kulia hakijakaribia eksozi kiasi cha kufanya shavu la mguu liguse chuma, na kwamba bati la kuzuia joto lipo na limefungwa. Alama ile ya mviringo iliyo kwenye miguu ya kulia ya watu wengi mijini haikutoka kwingine.

Shokapu za nyuma ndizo zitakazoamua kama pikipiki mliyoipenda dukani mtaendelea kuipenda. Pikipiki za daraja hili huwa na mbili, moja kila upande, na chini ya kila springi kuna pete yenye ngazi, kwa kawaida tano. Ukiizungusha pete kwa spana yenye ndoano, springi inakazwa au kulegezwa. Ni kifaa cha bure kabisa, kimekuja na pikipiki, na nathubutu kusema wamiliki wengi hawajawahi kukigusa. Ukiwa peke yako iweke ngazi ya chini. Mkiwa wawili ipandishe. Ikiachwa chini huku mmepakizana, nyuma inabonyea, springi inafika mwisho wa safari yake kwenye kila tuta, na ule mgongano wa chuma kwa chuma unapanda moja kwa moja kwenye uti wa mgongo wa abiria. Nyuma ikibonyea, mbele inanyanyuka: usukani unakuwa mwepesi mno na taa inamulika matawi ya miembe badala ya barabara. Kwa hiyo anayepakiza usiku arekebishe na taa.

Kosa la pili ni kinyume chake. Wanaobeba magunia ya mkaa huweka springi ngumu kupita kiasi, na vijana wa kijiweni huiga kwa sababu inaonekana imara. Springi iliyokusudiwa gunia haimsikii abiria wa kilo 55. Yeye hurushwa tu. Kwa hiyo swali la kumuuliza fundi liwe hili: imara kwa uzito gani? Jumlisheni uzito wenu wawili na mkoba, msome kitabu cha pikipiki kuona mzigo wa juu unaoruhusiwa, mbaki chini yake.

Ndani ya shokapu kuna mafuta ya kupunguza mrukoruko. Ukikandamiza nyuma ya pikipiki na kuiachia, inatakiwa ipande mara moja itulie. Ikiendelea kuchezacheza mara tatu nne, mafuta yamekwisha au hayakuwepo kamwe, na mtu wa nyuma atafika safari na kichefuchefu. Upepo wa tairi nao una ngazi mbili: pikipiki nyingi ndogo za India, kwa mfano, hutaka paundi kama 28 tairi la nyuma ukiwa mmoja na kama 32 mkiwa wawili. Tazama kibandiko chenye vipimo, au kitabu chake. Wapo wanaojaza hadi tairi liwe gumu kama jiwe ili lisiishe haraka, halafu wanalaumu siti.

Injini nimeiacha mpaka hapa makusudi, ingawa najua ndiyo inayotangulia kwenye mazungumzo ya vijiweni. Pikipiki hizi zote zina silinda moja, na silinda moja hutetema, hakuna namna. Kinachobadilika ni lini inatetema. Ile ndogo ya CC 100, ikiwabeba wawili kwenye mwendo wa kilomita 70 kwa saa, inalia karibu na mwisho wa uwezo wake, na mtetemo wa juu namna hiyo ndio unaoua nyayo na vidole ganzi. Boxer inayoitwa 150, ambayo kwa hesabu halisi ina CC 144.8, itakwenda mwendo uleule bila kuhangaika. Kwa hiyo ukubwa wa injini kwa watu wawili si suala la kukimbia. Ni suala la kutokimbiza injini. Gia ya tano husaidia vivyo hivyo, kwa kuteremsha mizunguko mkiwa kwenye barabara ndefu. Kama mnaishi mahali pa kupanda, tuseme barabara ya Mombo kwenda Lushoto au vilima vya Kigali, sitawashauri kushuka chini ya CC 125 mkiwa watu wazima wawili. Fundi anaweza kuwabadilishia sproketi ya nyuma akaweka yenye meno mengi zaidi ili ivute vizuri mlimani, lakini mtalipa kwa mtetemo na mafuta mkifika tambarare.

Zanzibar wana jibu lao, nalo lina umri mkubwa kuliko maduka mengi ya pikipiki: Vespa. Piaggio waliitoa mwaka 1946, na aliyeichora, Corradino D'Ascanio, alikuwa mhandisi wa ndege na helikopta ambaye pikipiki za kawaida hakuzipenda. Labda ndiyo sababu alimfikiria mtu asiye mwanapikipiki. Injini imefunikwa, kwa hiyo hakuna kuungua wala mafuta kwenye nguo; mbele kuna bapa la kuzuia matope; na mwenye buibui anapanda bila kurusha mguu. Kwenye njia za Mji Mkongwe na lami ya mjini, sijui chombo cha magurudumu mawili kinachomheshimu zaidi mtu wa nyuma. Udhaifu wake ni magurudumu: ya Vespa nyingi za zamani yana inchi 8 au 10, wakati pikipiki ya kawaida ina 17 au 18. Gurudumu dogo huzama kwenye shimo ambalo kubwa lingelivuka. Ukiwa na Vespa, chagua barabara kwanza ndipo umchague abiria.

Na kuna hizi za umeme. Kigali, kampuni ya Ampersand ilianza biashara yake mwaka 2019 kwa madereva wa teksi-moto wanaobadilisha betri vituoni. Nairobi kuna Roam na wengine. Mijadala yote ni ya gharama, betri na umbali, nami siwezi kuilaumu, mfuko ni mfuko. Lakini kaa nyuma ya mojawapo na utaona jambo ambalo matangazo hayalisemi vya kutosha: hakuna mtetemo wa injini na hakuna eksozi. Adha mbili za zamani za abiria zimeondoka kwa mpigo. Badala yake kuna moja mpya. Mota ya umeme hutoa nguvu yake mara tu mkono unapozungushwa, bila kungoja klachi, na dereva asiye na subira anaweza kumwacha abiria akiwa amelala chali. Kishikio cha nyuma kwenye pikipiki ya umeme kisiwe pambo.

Kishikio chenyewe kina namna. Abiria wa kawaida hana mahali pa kushika isipokuwa mabega ya dereva, keria, au hewa. Keria ikiwa chini na mbali nyuma, atashika kwa mikono iliyovutwa kinyumenyume, na mabega yatachoka kabla ya kiuno. Bora ni bomba mbili za ubavuni, usawa wa nyonga, zinazoshikika bila kujinyoosha. Fundi wa kuchomelea atazitengeneza, ila afunge kwenye chesisi kwa bolti, asichomelee juu ya mkia wa bati. Na ile miavuli mikubwa ya Kisumu na Kampala, inayomkinga abiria na jua, ni starehe ya kweli kwenye mwendo mdogo mjini. Kwenye upepo wa barabara kuu ni tanga, na pikipiki si mashua.

Haya yote yanaweza kupimwa dukani kwa saa moja, lakini maumivu ya safari hayaji dukani. Huanza baada ya nusu saa, wakati mnunuzi ameshalipa. Hapa sisi tuna bahati ambayo mnunuzi wa Ulaya hana: karibu kila aina ya pikipiki inayouzwa kwetu iko kijiweni sasa hivi, inasubiri abiria. Mkishazipunguza mpaka zikabaki mbili, tafuteni bodaboda wa kila aina na mwenzako akodi safari ndefu, ile yenye lami, matuta na kipande cha vumbi. Asikae kimya. Amuulize dereva siti imeshabadilishwa sponji mara ngapi, shokapu zilidumu muda gani, wateja wake wanalalamikia nini. Bodaboda huambiwa mambo na migongo ya watu kutwa nzima. Ana habari kuliko katalogi, na gharama ya somo ni nauli.

Huko huko kijiweni ndiko pikipiki nyingi zilizotumika hutoka, na mnunuzi wa mkononi awe mkali zaidi kuliko wa dukani. Siti ya bodaboda aliyestaafu karibu daima ina kava jipya juu ya sponji mfu. Mishono inang'aa, ndani hakuna kitu. Hilo si tatizo kubwa, fundi wa siti ataijaza upya kwa tabaka gumu chini na laini juu, mwambie tu asiinue ya nyuma kuliko ya mbele. Tatizo kubwa ni bushi za ule mkono wa gurudumu la nyuma. Zikiisha, pikipiki inapeleka mkia huku na huku, na ukiwa peke yako huenda usiusikie. Isimamishe kwenye stendi ya kati, shika tairi la nyuma kwa mikono miwili, livute kushoto na kulia. Likicheza, dai bushi mpya kabla ya bei kuzungumzwa. Kisha mwenzako apande, muende kilomita chache, yeye akieleza kinachotokea huko nyuma na wewe ukisikiliza. Kama mwenye pikipiki hataki ijaribiwe na watu wawili, ya jirani yake pia inauzwa.